Boksi Moja Lililotoka Getini

Ndugu waombolezaji, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wafanyakazi wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, mlioko kazini na mliostaafu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu, mlinzi mstaafu wa geti la ofisi hiyohiyo, ili niwasomee historia ya kaka yangu. Kabla sijaanza naomba mjue kwamba kila tarehe nitakayoitaja nimeihakikisha kwa macho yangu kwenye karatasi, maana miaka ishirini ya geti ilinifundisha kutomwamini mtu hata kama amebeba mkate. Nimewahesabu pia mliokuja, mnisamehe, ni mazoea, na nimeona wako waliokuja kumzika marehemu na wako waliokuja kuhakikisha kweli amezikwa. Wote nitawafikia, hakuna haja ya mtu kuangalia saa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 21 Agosti 1955, saa moja asubuhi, katika zahanati ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yetu alikuwa fundi wa boila. Nimesikia mnaguna, na najua kwa nini, kitambulisho chake cha kazi kilisema tarehe 1 Januari 1956, na shangazi yetu aliyeketi pale mbele ana tarehe yake mwenyewe ambayo huibadilisha kila akiulizwa. Hiyo niliyoisoma ndiyo yenyewe, nimeiona jana saa sita mchana, na wapi nimeiona nitasema zamu yake ikifika.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kusikiliza, baba alikuwa akimchukua kiwandani siku za mapumziko, naye anaweka sikio kwenye bomba la boila, anamwambia baba kwamba pampu ya pili inalalamika, na kweli wakiifungua wanakuta beringi imekwisha. Mafundi wakambandika jina la Sikio, jina hilo likamfuata hadi uzeeni, na wengi wenu hapa mnamjua kwa jina hilo tu. Mimi nilikuwa nikiweka sikio kwenye bomba hilohilo sisikii kitu, na nasema ukweli, nilikuwa nashuku kwamba anajifanya.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1963 katika shule iliyokuwa mkabala na kiwanda, akamaliza mwaka 1969, akaendelea na sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kwa masomo ya kutengeneza redio, akapata cheti tarehe 28 Novemba 1975, cheti ambacho ninacho hapa mfukoni, mwenye shaka aje akione baada ya mazishi.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya usajili, chumba cha chini, kile chenye rafu za chuma na harufu ya gundi, akawa ananakili kwa mkono majina ya watoto waliozaliwa na watu waliokufa, na katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwandika aliyezaliwa kwenye kitabu cha waliokufa, jambo ambalo si makarani wote wa ofisi ile wanaweza kuapa. Mwaka 1998 ofisi ilipoingia kwenye kompyuta, vitabu vyote vikapigwa picha, majina yakaingizwa kwenye seva, marehemu akapelekwa mafunzo ya wiki sita, akarudi akiwa mtunza nakala rudufu, yaani yule ambaye kompyuta ikifa siku moja, yeye ndiye mwenye kuifufua. Tarehe 14 Septemba 1998 mashine ya kuandikia nakala hizo kwenye kanda ikawasili, kitu kidogo cheusi, ukubwa wa tofali, kinachomeza kanda ndogo kuliko kaseti ya muziki, na kuanzia siku hiyo, jamani, shemeji yangu alipata mke mwenza.

Naomba niwaeleze kazi yake kidogo, kwa sababu kuna watu hapa walimhukumu kwa kazi wasiyoijua, nami nilikuwa mmoja wao. Kwenye ganda la kila kanda kiwanda kiliandika gigabaiti ishirini na nne, kila mtu ofisini akaamini, marehemu peke yake akasema hapana, halisi ni kumi na mbili, hiyo nusu ya pili ni matumaini ya muuzaji kwamba vitu vyako vitabanika, na picha za vitabu tulizonazo sisi zimekwisha kubanwa, kuzibana mara ya pili ni kama kulikalia sanduku lililokwisha kufungwa, hupati nafasi, unapata uchovu. Akazima ubanaji kwa zile picha, akauacha kwa yale majina, na kanda zilizokuwa zikijaa kabla ya kazi kuisha zikaanza kutosha. Mkuu wa ofisi wa wakati huo alishuku kwamba anaficha nafasi.

Kisha kuna suala la mwendo, na hapa ndipo sikio lake lilipomfaa. Mashine ile, alikuwa akisema, haitaki haraka wala polepole, inataka kulishwa bila kukatizwa, ukichelewesha chakula inasimama, inarudi nyuma, inatafuta ilipoachia, inaanza upya, na kila kurudi kunakula muda na kunachubua kanda pamoja na kichwa cha kusomea. Wengine walikuwa wakisikia mlio tu, yeye alisikia inasuasua. Akatafuta diski ya pembeni, akawa anakusanya kwanza kila kitu humo asubuhi, faili moja kubwa, halafu saa saba na nusu mchana anafunga mlango, anaimwaga yote kwa mkupuo, na kazi ya saa tano ikawa ya saa mbili kasoro. Kanda zikitoka stoo anaziacha chumbani siku nzima zizoee joto la pale kabla ya kuzitumia, anazisimamisha wima kwenye rafu, hazilali, iliyodondoka haingii tena kwenye mashine hata mkipiga magoti, na kanda ya kusafishia aliitumia kwa hesabu, aliichora vijistari kwenye ganda, ilipofika hamsini akaitupa, wakati katibu muhtasi wa ofisi alitaka waitumie mpaka iishe kama sabuni.

Sasa fikirieni, mtu mzima anajifungia kila siku mchana, hataki mtu agongee, hataki mtu apite na chai, anainamisha kichwa juu ya mashine kama anayeambiwa siri. Lisemwalo lipo, wakasema wenzake, kama halipo laja, na mimi pale getini nikayasikia yote, maana geti ndiyo sikio la ofisi, na niliyachekea, sikuyakanusha hata moja.

Katika miaka hiyo marehemu aliandika barua tatu, ya kwanza tarehe 9 Februari 2001, ya pili tarehe 17 Juni 2003, ya tatu tarehe 30 Agosti 2005, akiomba mashine ya pili, hata iliyotumika, ili kanda zilizoandikwa na mashine moja zijaribiwe kwenye nyingine. Mkuu wa ofisi, ambaye mlimwita Bwana Nakala Tatu kwa sababu bila nakala tatu za fomu hakupi hata ruhusa ya kupiga chafya, alizikataa zote tatu, akisema hakuna sababu ya kuwa na mbili za kitu kinachofanya kazi. Mzee, nimekuona umekaa karibu na mlango na miwani yako ya jua humu ndani, karibu sana, sikuombi useme kitu.

Mwezi Oktoba 2008 mashine mpya ikanunuliwa, muuzaji akaapa kwamba inasoma pia kanda za zamani, na ile ya zamani ikaandikwa kuwa chakavu, ikatupwa uani nyuma ya vyoo pamoja na viti vilivyovunjika, kusubiri lori la vyuma vilivyochakaa lililokuwa lije Ijumaa. Marehemu aliomba aachiwe, akaambiwa ajaze fomu, nakala tatu, majibu baada ya miezi miwili, naye akawaambia kwamba lori linakuja keshokutwa, akaambiwa hilo si tatizo la fomu.

Siku ya Alhamisi tarehe 6 Novemba 2008, saa kumi na nusu jioni, kaka yangu alifika getini na boksi begani. Kazi yangu ilikuwa kufungua kila mzigo unaotoka, na nilikuwa hodari, nilikwishafungua pochi za mabosi, nilikwishapekua mkoba wa daktari aliyekuja kutibu mtu humo ndani, watu waliniita Kidole. Nyuma yake kulikuwa na foleni, wafanyakazi kama kumi na tano wanataka kwenda nyumbani, wote wanatuangalia, wanasubiri kuona kama nitampekua ndugu yangu wa tumbo moja. Niliona haya kumfungua, na niliona haya pia kumwachia bila kuandika kitu, basi nikampa ishara apite, nikachukua kalamu, na kwenye safu ya kitu kinachotoka nikaandika boksi moja, kanda. Sikufungua, sikuona kanda wala kivuli cha kanda, niliandika nilichokishuku, nikakiwekea saini.

Tarehe 17 Februari 2009, siku ya Jumanne, diski ya kwanza ya seva ikafa, ya pili ikaifuata wiki hiyohiyo kabla fundi hajafika, na vitabu vya asili vilikuwa vimekwishaoza kwa bomba lililopasuka masjala mwaka wa kabla yake. Kanda za mashine mpya zilikuwa na majina ya miezi minne tu, wakazileta zile za zamani za marehemu, wakaziingiza kwenye mashine mpya, ya kwanza haikusomeka, ya pili haikusomeka, wakafika ya ishirini na sita, kila moja mashine inatema na kusema hakuna kitu. Majina ya watu elfu kumi na moja na zaidi yakawa hayapo, na wengi wenu hapa mliyaonja hayo, kuna mama ameketi safu ya tatu alihangaika miaka minne kuthibitisha kwamba mwanawe alizaliwa, na mtoto mwenyewe amesimama pembeni yake anamzidi urefu.

Marehemu aliwaambia neno moja tu, kwamba kanda si tupu, zijaribuni kwenye mashine ya zamani, wakamjibu kwamba mashine ya zamani ilikwenda na lori. Kamati ya nidhamu ikakaa Jumatano tarehe 22 Aprili 2009, Bwana Nakala Tatu akiwa mwenyekiti, wakaleta kitabu cha geti, wakasoma kwa sauti, boksi moja, kanda, wakahitimisha kwamba alitoa kanda nzuri akaacha tupu, eti kuna watu walitaka umri wao upotee. Wakamwuliza ndani ya boksi kulikuwa na nini, akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nikisubiri kutoa ushahidi, akawaambia hana jibu. Kisha wakaniita, wakaniuliza kama niliona kanda, na mimi, ndugu zangu, nikasema kilichoandikwa kimeandikwa.

Tarehe 30 Aprili 2009 akastaafishwa kwa manufaa ya ofisi, maneno yao hayo, baada ya miaka thelathini na mitatu kasoro siku tatu. Zile kanda zikafungwa kwa lakiri kwenye kabati la chuma kama ushahidi, zikasahauliwa huko.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alimwoa shemeji yangu, fundi cherehani, siku ya Jumamosi tarehe 11 Desemba 1982, baada ya kwenda kwake mara sita kushonewa suruali ileile, na shemeji anasema mara ya pili tu alishagundua kwamba mshono anaufumua mwenyewe. Walijaliwa watoto wawili, binti yao mkubwa alizaliwa tarehe 2 Machi 1984, leo ni fundi wa vifaa vya hospitali, amerithi sikio, na kijana wao alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1988, ni dereva wa lori, huyo karithi ukimya. Vilevile ameacha wajukuu watatu.

Watoto hawa walikulia kwenye minong'ono, na baada ya mwaka 2009 iligeuka kuwa kelele, binti aliwahi kuulizwa kwenye usaili wa kazi kama baba yake ndiye yule, watu walivuka barabara wakimwona marehemu anakuja dukani, kinyozi wake alimwambia kiti kimeharibika wakati mtu mwingine amekikalia. Yeye alisalimia wote, akanunua mkate, akarudi nyumbani. Mimi nyumba yangu inapakana na yake, ukuta mmoja, na nilikuwa nikiongea naye kuhusu mpira na kuhusu mgongo wangu, tulikula pamoja, tulicheka, na moyoni nilikuwa nimekwishamhukumu kama wenzangu.

Nitawaambia kwa nini sikuacha kumshuku. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, alikuwa akijifungia chumba cha nyuma, na kupitia ukuta nikawa nasikia mlio, mdogo, wa kunguruma, unapanda, unatulia, unakwenda sawasawa kama saa nzima. Miaka kumi na mitatu nilisikiliza mlio ule nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikijiambia huyo, anazo kanda huyo, anazichezea. Nilimwuliza shemeji mara mbili, akaniambia ni cherehani, cherehani gani inashona Jumapili ya kwanza tu?

Tarehe 13 Julai 2020 marehemu alianza kuvimba miguu, akapelekwa hospitali, ikagundulika kwamba figo zote mbili zimechoka, na kuanzia Januari 2021 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alilazwa mara ya mwisho Jumatatu tarehe 28 Februari 2022, wodi namba sita, kitanda cha dirishani, na siku ya tatu alimwita muuguzi, akamwambia kwamba ile mashine ya mgonjwa wa kitanda cha pili mota yake inakufa, muuguzi akamjibu baba pumzika, na baada ya dakika arobaini ikaanza kupiga kelele, wakaibadilisha, mgonjwa yule yu hai na nimeambiwa yuko hapa nasi leo. Kaka yangu alifariki dunia Jumamosi tarehe 5 Machi 2022, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mkono wake ukiwa kwa mkewe.

Historia nyingi huishia hapo, zikaja shukrani, tukaenda makaburini. Hii haiishii hapo.

Jumapili tarehe 6 Machi, watu wakiwa wamejaa uani, nilijipenyeza chumba cha nyuma. Nisiwafiche, sikwenda kulia, nilikwenda kutafuta zile kanda, nizitoe mimi kabla hazijaonwa na wengine, nimsitiri ndugu yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama, na mvunguni mwa kitanda nikalikuta boksi lenyewe, nililitambua kwa kona iliyochanika, nikalifungua, miaka kumi na mitatu na miezi minne baada ya siku niliyotakiwa kulifungua. Ndani hamkuwa na kanda za ofisi hata moja. Ilikuwamo ile mashine ya zamani, nyeusi, imefutwa vumbi, waya wake umekunjwa, kadi yake ya kuchomeka kwenye kompyuta imefungwa kwenye kitambaa cha shemeji, pamoja na kanda moja mpya ambayo alikuwa akiijaza na kuisoma kila mwezi ili mashine isigande, na daftari.

Kwenye daftari aliandika kwa mwandiko ule wa masjala kwamba kichwa cha mashine kilipinda kidogo kidogo kwa miaka, kikawa kinaandika kimeegemea upande, na kwa kuwa kilikuwa kinasoma kikiwa kimeegemea upande uleule, hakikuona kosa, na mashine nyingine yoyote haiwezi kuona maandishi hayo. Halafu akaandika hivi, nasoma, “Kosa langu ni kwamba kila kanda niliikagua kwenye mashine iliyoiandika, nilimpa mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe, nilijua hatari yake, niliandika barua tatu, ilinipasa kuandika ya nne.” Mwisho wa kunukuu.

Nilimwita shemeji, nikamwuliza kwa hasira kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kuitwa mwizi na mashine anayo, si angeipeleka tu kazi ikaisha? Shemeji alifungua droo ya cherehani akanipa barua, nakala ya barua ya marehemu kwenda ofisini, akiwaambia kwamba mashine ya zamani anayo, aliitoa yeye bila kibali ndani ya boksi tarehe 6 Novemba 2008, yuko tayari kuadhibiwa, anaomba kanda zijaribiwe, na pembeni jibu lao la mistari miwili, kwamba faili limefungwa. Nikaiangalia tarehe ya barua ile, maana mimi mtu wa tarehe, ilikuwa Jumatatu tarehe 1 Julai 2019. Mimi nilistaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2019. Alisubiri miaka kumi, mpaka geti likatoka mikononi mwangu, hakukaa hata wiki.

Shemeji ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, akiendelea kukunja nguo, kwamba marehemu alimwambia, “Nikisema mashine ninayo, mdogo wangu atafukuzwa kwa makosa mawili, kuachia mali ya ofisi na kuandika asichokiona, na ana watoto wanne wako shuleni, mimi wa kwangu wamekwisha kua.” Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndugu zangu, na mshindo huo ulinikuta nimekaa sakafuni na boksi mapajani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa kaka yangu nilikuwa mimi.

Jumatatu binti yake aliibeba mashine mchana kweupe hadi ofisini, akapita geti lilelile, akajaza fomu, nakala tatu, na mkuu wa sasa, mama ambaye hakuwahi hata kumwona marehemu, akasema lakiri ikatwe. Kompyuta kuukuu aliyokuwa akiitumia marehemu chumbani ilikufa mwezi Februari, nyingine ya kuipokea kadi ile ya zamani ilitafutwa siku mbili, ikapatikana kwenye stoo ya hospitali, na jana, Jumatano tarehe 9 Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi, binti akaingiza kanda namba moja. Tulikuwa watu saba chumbani, na nilisema moyoni kwamba haitasoma, hata hapo bado nilikuwa nashuku. Mashine ikanguruma, ikapanda, ikatulia, ikaenda sawasawa bila kusuasua, ni mlio uleule wa ukutani kwangu. Saa sita mchana majina yakaanza kupanda kwenye kioo, yakapanda, yakapanda, na binti akatafuta la baba yake, likatokea, Jumapili, tarehe 21 Agosti 1955, zahanati ya nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mpaka jioni kanda nne zimesomeka zote, hakuna jina lililopungua, zilizobaki ishirini na mbili zinaendelea, na mama wa safu ya tatu, mwanao yumo, kanda namba mbili, nimemwona.

Kwa hayo, familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi namba sita na wa kitengo cha figo, ambao hawakuchoka, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kuni, hata wale waliokuwa wakivuka barabara, maana leo mmevuka kuja upande huu, inamshukuru mkuu wa sasa wa ofisi kwa kukata lakiri, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani. Bwana Nakala Tatu, nimeona umeivua miwani, nakushukuru nawe kwa kuja, lakini usiondoke na lawama yote ukadhani ni yako peke yako.

Mwisho, nimeomba kitabu cha geti cha mwaka 2008, nimepewa, ninacho hapa, na mbele yenu wote nimeyafuta maneno yangu ya siku ile kwa mstari mmoja, ili kilicho chini kiendelee kusomeka, na juu yake nimeandika upya, naomba isomeke hivi kuanzia leo: tarehe 6 Novemba 2008, saa kumi na nusu jioni, kaka yangu ametoka na boksi moja, sikufungua, sikuona kitu. Nimeweka saini na tarehe ya leo.

Pita, kaka, leo hakuna wa kukupekua, na ukifika huko upumzike kwa amani.